Msasa na Jani la Jiweni

Mume wangu wanamwita Msasa, na jina hilo hakulipata bure. Ana miaka ishirini na miwili katika kazi ya kuchonga mabamba ya mawe ya sakafu, na hakuna anayeyalainisha kama yeye. Bamba likija na vinundu upande wa chini, analipitisha kwenye mashine mpaka liteleze. Wateja hawataki vinundu.

Bamba moja tu hakuligusa. Lilikuwa na jani jeusi katikati, vijitawi vyembamba kama nywele. Akalitundika sebuleni, na kila mgeni alisimuliwa habari zake kabla hata ya kupewa maji. Mimi nilishachoka. Juzi akampigia simu mwalimu wa mawe wa chuoni, akaahidiwa kwamba likiwa jani la kale kweli, litawekwa kwenye chumba cha maonyesho na jina lake chini. Siku ya mwalimu kuja, alinyoa ndevu mara mbili.

Mwalimu, binti mdogo tu, alilitazama kwa lenzi pale karakanani, ambako Msasa alikuwa amelishusha, akaomba jiwe jingine la mwamba uleule. Msasa akalipasua penye ufa. Ndani, majani yaleyale meusi, yote yameanzia ukingoni mwa ufa.

"Samahani, baba. Hili si jani, halina hata mshipa wa katikati. Ni maji yenye madini yaliyopenya kwenye ufa, yakaacha alama hizi."

"Miaka yote hii?" Mume wangu aliketi juu ya ndoo. Nilitaka kucheka, nikashindwa. Nilimwonea huruma mno.

Binti alikuwa anafunga mkoba alipoliona bamba lililopinduliwa kwenye mashine. Alishika mdomo. Vinundu vilikuwa vimejipanga mstari, kila kimoja kina vidole vitatu.

"Mungu wangu! Mnyama alipita kwenye tope, nyayo zake zikajaa mchanga, mchanga ukawa jiwe. Hivi ndivyo visukuku, alama za viumbe wa kale, baba!" Alizifuata nyayo kwa kidole: ya kwanza, ya pili, ya tatu, kisha jiwe laini tupu. "Mbona zimekatika hapa?"

Msasa aliitazama mikono yake iliyojaa vumbi jeupe.

"Upande huo nimeumaliza asubuhi."

"Na mabamba mengine kama hili, yamewahi kuja?"

Jibu nililijua kabla hajafungua kinywa, maana mimi ndiye ninayefagia karakana ile.

"Kila wiki, mwanangu," alisema. "Kila wiki."