Beberu wa Usagara

Majina ya wakufunzi wote waliowahi kunywa chai uani kwangu ninayo kichwani, yao na ya wazazi wao. La kijana wa kisa hiki ninalo pia, na la baba yake. Hapa siyaandiki. Wote wako hai, na sitaki mtu apande mlima kuja kuniuliza.

Binti yangu anafundisha walimu chuoni Butimba. Mimi naishi Igogo, huku juu kwenye mawe. Likizo ya kiangazi ikifika huja kwangu, na wenzake wawili humfuata. Mmoja ni mzee wa hisabati anayekaribia kustaafu, ambaye huniita mama mkwe ingawa kwangu hakuoa. Mwingine ni dada wa sayansi, mwenye sauti ya kuamsha mtaa. Wanasema wanakuja kupumzika. Hawapumziki. Wakishapata mihogo na chai ya rangi wanaanza kazi yao upya, kwa mdomo.

Mwaka huu walikuwa na jambo. Binti yangu alikwenda shule moja ya msingi kumkagua kijana aliyekuwa kwenye mazoezi ya kufundisha. Kijana anajua kusema, ubao wake unapendeza. Katikati ya somo msichana mdogo akanyoosha kidole, akajibu, akakosea. Darasa likacheka. Mwalimu naye akacheka, kisha akamwigiza yule mtoto sauti yake. Binti yangu akamfelisha, arudie chuo kikifungua.

"Kwa kucheka tu?" mzee wa hisabati alisema. "Mama mkwe, msikie mwanao. Mimi mwaka wangu wa kwanza nilirusha chaki ikampata mtoto sikioni. Kwa huyu leo ningekuwa nachunga ng'ombe."

"Na ng'ombe wangekukimbia," dada wa sayansi akamjibu.

Binti yangu hakucheka. "Nilikaa nyuma mpaka kipindi kikaisha. Hakuna kidole kingine kilichoinuka. Darasa zima! Nikimpitisha atafanya hivyo mpaka astaafu, kila mwaka na watoto wapya."

"Lakini shule hazina walimu," mzee akasema.

"Basi zimkose na huyu mpaka ajifunze."

Dada wa sayansi akanigeukia. "Mama, na wewe uliacha shule kwa sababu walikucheka?"

"Sikuchekwa na mtu. Baba alisema darasa la tatu linatosha, likatosha. Msinitie kwenye hadithi zenu."

Siku chache baadaye wote watatu waliteremka mwaloni, kwenye soko la samaki ziwani, kununua sato. Nikabaki peke yangu. Nikaona mwanamume na mwanamke wa makamo wanapanda mawe, nyuma yao beberu mweupe akivutwa kwa kamba.

"Mwangaluka, mama."

"Mwangaluka. Karibuni."

Alikuwa baba wa yule kijana, na dada yake, shangazi wa kijana. Wametoka Usagara. Ilikuwa saa ya chakula. Kwangu mgeni akifika saa ya chakula anakula, awe amekuja kwa heri au kwa shari. Nilisonga ugali, nikawapa dagaa na mlenda. Walikula vizuri, tena yule shangazi akaongeza. Mpaka tumenawa mikono hakuna aliyetaja kijana.

Ndipo shangazi akasema, "Mama, sisi ni wazazi wenzako. Watoto wakikwaruzana, wazazi husema."

"Hawajakwaruzana. Mmoja anafundisha, mwingine anafundishwa. Ya chuo kayasemeeni chuoni."

Baba akacheka kana kwamba nimemtania. "Tumekuelewa, mama. Huyu beberu ni wa kukusalimia tu."

Nikaingia ndani na vyombo. Nilipotoka, beberu amefungwa kwenye mguu wa tangi la maji na wao wako chini ya mlima. Magoti yangu si ya kukimbizana na watu.

Wenzangu walirudi na samaki. Hata magamba hayajatoka, simu ya binti yangu ikaita. Yule baba anaongea kwa sauti kubwa, sote tulimsikia. "Mwalimu, tumekula kwa mama, na mzigo amepokea. Mambo yamekwisha."

Binti yangu akakaa juu ya jiwe. "Mama, umewalisha?"

"Nimewalisha."

"Na mbuzi?"

"Mbuzi hakuomba ruhusa."

Binti yangu akamgeukia yule beberu. Akasema polepole, "Nikimpitisha, watasema nimekula mbuzi. Nisipompitisha, watasema nimekula mbuzi kisha nikamgeuka mwenyewe. Bora nijitoe. Chuo kikifungua wampange mkufunzi mwingine amkague."

"Achinjwe," mzee wa hisabati akasema. "Kijana abaki na alama yake. Tumbo halitoi ushahidi."

"Harufu inatoa," alisema dada wa sayansi. "Igogo nzima itajua tunachoma."

Nilikuwa nimewasikiliza siku zote hizo bila kusema mengi. Siku ile nilisema. "Kujitoa ndiko wanakokutaka. Mimi sikuwafukuza wakiwa na njaa, na hawatanitawala kwa kuwa wameshiba kwangu. Kaiteni kirikuu, kale kagari ka mizigo, tumrudishe."

Mzee wa hisabati, Msukuma mwenyewe, akashtuka. "Mama mkwe, zawadi hairudishwi. Ni tusi."

"Tusi lilianza kuja kwangu. Mimi nalirudisha kwa mwenyewe."

Tukaenda. Mimi nilikaa mbele na dereva. Nyuma, mzee wa hisabati ameshika pembe za beberu, analalamika kwamba wanafunzi wake watamwona. "Waambie ni mafunzo kwa vitendo," dada wa sayansi akamwambia, na safari hii hata binti yangu alicheka kidogo.

Pale njia panda ya Usagara nilikataa kwenda nyumbani kwa yule baba. Nyumbani angetupikia. Tukila tu, tumelingana, na mbuzi angebaki wetu. Tuliambiwa yuko dukani na wazee wenzake, wanakunywa soda. Tukamfuata hapo hapo, mchana kweupe.

Akainuka haraka. "Mama! Karibu kiti."

"Nimesimama."

"Hata maji?"

"Sina kiu." Koo lilikuwa limekauka kwa vumbi, lakini sikunywa. "Nimekuletea beberu wako."

"Nilikupa, mama. Sikumsahau."

"Vizuri. Basi waambie hawa wenzako ulinipa kwa ajili gani."

Wazee wakateremsha chupa zao. Tulingoja. Nilikuwa na siku nzima ya kungoja. Akainama kufunga kamba za kiatu. Aliponyanyua uso alimtazama binti yangu, si mimi.

"Una kiburi wewe. Nitakwenda kwa wakubwa wako."

"Nenda, baba," binti yangu akasema. "Mimi nitawaeleza nilichokiona darasani. Wewe utawaeleza habari ya mbuzi."

"Nauli akikosa tutampa lifti," dada wa sayansi alisema, na mzee mmoja pale akapaliwa na soda.

Kijana mwenyewe alitoka ndani ya duka, mrefu, shati limepigwa pasi. Bila shaka alikuwa amesikia yote. "Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Chuo kikifungua utarudia mazoezi, kwenye darasa lile lile."

"Nani atanikagua?"

"Mimi."

"Si wangepanga mwingine, mwalimu? Baada ya haya?"

"Mimi," akarudia. "Nitakaa nyuma, nihesabu vidole vya watoto."

Kijana akamtazama baba yake. Baba akageukia barabara, akajifanya anaangalia malori. Mzee wa hisabati bado alikuwa ameshika kamba, jasho linamtoka, hajui amkabidhi nani. Kijana akasogea, akaipokea mwenyewe.