Kitabu cha Sala Mkononi mwa Mdogo Wangu

Mwalimu wa darasa la nne alimchapa mdogo wangu fimbo sita kwa kosa la kusali vizuri. Mimi naona hivyo, na anayekasirika akasirike.

Kila Jumapili kwenye sala za jumuiya yetu ya Kikatoliki mdogo wangu alishika kitabu cha sala akaongoza litania mpaka mwisho bila kukwama. Jumatatu darasani alipewa mistari miwili asome, akatoka jasho, neno halikutoka. Mwalimu alikuwa mwanajumuiya mwenzetu.

"Jana umesoma mbele ya watu, leo hujui? Jeuri hiyo," akasema, akachukua fimbo.

Mimi nilijua. Litania nilimfundisha mwenyewe kwa mdomo, tukipalilia kahawa. Kitabu alikishika kwa sababu watu wazima hukishika. Nilijua, nikanyamaza. Mbele za watu huwa naona aibu hata kukohoa.

Mwaka ule wanunuzi binafsi wa kahawa walianza kufika kijijini kwetu Mkumbi, na baba alitaka mikono zaidi shambani. "Shule haitaki. Abaki achimbe ngoro, mashimo ya kuzuia maji yasibebe udongo mlimani."

"Baba yake, mtoto ana akili," mama akasema.

"Ndiyo maana ananiudhi."

Jumapili iliyofuata jumuiya ilisali nyumbani kwetu. Nilimnyang'anya mdogo wangu kitabu, nikakifungua mahali pengine, nikamrudishia. Akaanza litania ileile, kidole kikitembea juu ya karatasi. Mama mmoja aliyeketi kando yake akachungulia. "Mbona hapa ni nyimbo za mazishi?" Watu wakacheka. Mdogo wangu akanitazama.

Nikasimama, nikamgeukia mwalimu wake. "Shikamoo mwalimu. Hajui kusoma. Amekariri."

Mwenyekiti wa jumuiya ndiye aliyemwambia baba kwamba Mbinga mjini kuna mwalimu, Mwislamu aliyehamishiwa kutoka Tanga, aliyesomea kufundisha watoto wa namna hiyo. Baba akampeleka. Yule mwalimu alimsomea hadithi, akamuuliza maswali, na mdogo wangu akajibu yote. Kisha akampa aisome mwenyewe, akashindwa.

"Mzee, huyu si mjinga wala si jeuri. Herufi zinamchanganya, na wako wengi. Mlete kila Jumamosi, tuanze herufi moja moja, azitamke huku akiziandika mchangani. Shule asiache. Na asichapwe."

"Asichapwe?" baba akauliza. Aliuliza mara mbili.

Mdogo wangu alibaki shuleni. Mwalimu wa darasa la nne alipoelezwa alisema tu, "Sasa mbona hamkusema mapema?" Radhi hakuomba, na Jumapili anapokea komunyo kama kawaida.

Mdogo wangu hakunisemesha siku tatu. Ya nne akaniuliza kwa nini nilisubiri mpaka achapwe. Nikainamia ungo, nikaendelea kupepeta mahindi.