Umeme Uliobaki

Jina la Bi Akiba alipewa na madereva, na mwanzoni halikuwa la sifa. Alikuwa mhandisi wa umeme, mwanamke mrefu wa maneno machache, aliyeanza kazi kwa kuchora nyaya za maghorofa. Baadaye kampuni moja ndogo ikamwajiri achore vituo vya kuchajia pikipiki za umeme, kando ya barabara ambazo nguzo za umeme hazijafika. Kila kitu kilitakiwa kitoke juani: paneli juu ya paa, betri kubwa ndani ya kibanda cha matofali, na soketi chini ya paa.

Kituo cha kwanza kilijengwa njia panda, mkabala na zahanati alikofanya kazi mdogo wake wa kike, muuguzi. Alikichora nyumbani, kwenye meza aliyogawana na mumewe, fundi cherehani.

"Mimi nikikosea kipimo, suruali inabana," mumewe alimtania. "Wewe ukikosea?"

"Watu watasukuma pikipiki," alijibu bila kuinua macho.

Kilichomshughulisha zaidi ni uhai wa betri. Betri ikinyonywa mpaka tone la mwisho huchakaa upesi. Basi akaweka kikomo: chaji ikishuka hadi robo, soketi zote zinajifunga zenyewe. Nje akaweka taa moja tu. Ikiwaka, umeme upo, ikizima, hakuna. Aliona inatosha. Dereva ana haja gani na hesabu za ndani?

Kiangazi kizima hakuna aliyelalamika. Mvua zilipoanza, mawingu yakatanda siku baada ya siku, na taa ikawa inazima kabla hata ya adhuhuri. Mwenyekiti wa madereva, mtu mnene mwenye sauti ndogo, akampigia simu. Mhandisi akaja, akapima, akalala kwa mdogo wake, kesho yake akapima tena.

"Umeme umekwisha," aliwaambia siku zote mbili. "Tusubiri jua."

Hawakuwa na la kubisha. Jua halipigiwi simu. Wakakaa kwenye mabenchi na pikipiki zao zikiwa zimekufa ganzi.

Siku hiyo ya pili muuguzi alivuka barabara mbio, aproni imelowa mvua.

"Dada, kuna mwashi ameanguka kutoka jukwaani. Paja limevunjika na damu inamtoka. Gari letu halina chaji ya kumfikisha hospitali." Gari lenyewe lilikuwa la magurudumu matatu, nalo la umeme.

"Waambie hospitali walete la kwao."

"Nimeshapiga. Limekwama kwenye matope ng'ambo ya mto."

Mhandisi aliwatazama madereva, akaitazama zahanati. Kisha akatoa ufunguo, akaingia kibandani na kushusha kikomo. Taa ikawaka. Gari la zahanati likasukumwa hadi kwenye soketi, likaanza kuchaji, huku muuguzi akirudi kumfunga mgonjwa vibao mguuni.

Mwenyekiti aliinuka taratibu.

"Kumbe umeme upo."

"Upo wa kulinda betri."

"Jana ulisema umekwisha. Leo asubuhi ukasema umekwisha."

"Ndiyo."

"Sasa lile neno lilikuwa nini, mama? Habari, au dawa ya kutunyamazisha?"

Dereva mwingine akasema, "Wa mgonjwa sawa, hatuna neno. Lakini mimi nimesukuma hii pikipiki toka darajani nikijua hakuna kitu."

Alichaji gari la zahanati tu, kiasi cha kufika hospitali, kisha akarudisha kikomo palepale. Hakuna aliyemfokea. Alipoondoka jioni, hakuna aliyemuaga pia.

Mwashi alipona, mguu mmoja ukabaki mfupi kidogo. Aliacha kupanda majukwaa, siku hizi anapanga vigae. Madereva wawili watatu walirudia pikipiki za petroli. Waliobaki wakampa mhandisi lile jina. "Akiba haiozi," mmoja alisema kwa sauti ili amsikie. "Tunaooza ni sisi."

Nyumbani alimsimulia mumewe.

"Walikasirika kwa sababu ya umeme?"

"Hapana. Kwa sababu niliwafanya watoto."

Kikomo hakukiondoa. Alichofanya ni kuitenga sehemu ya betri kwa ajili ya zahanati, ufunguo akampa mdogo wake. Mahali pa ile taa akaweka kipimo kinachoonekana toka barabarani, chenye mstari mwekundu pale soketi zinapojifunga. Meneja wake hakupendezwa.

"Ukiwaonyesha kuna umeme umefungiwa ndani, watavunja kibanda."

"Pengine. Lakini watakuwa wanajua wanachokivunja."

Alikubaliwa kujaribu. Akawaita madereva, akawaeleza mstari ule ni wa nini, na betri ikifa mapema nini kitafuata. Walibishana naye mpaka koo zikakauka. Mwisho wakaomba jambo moja: siku za mawingu, kila mtu apate kidogo, badala ya wa kwanza kujaza na wa mwisho kuambulia patupu. Alisema linawezekana, akalifanya. Msimu uliofuata kufuli la kibanda lilikutwa na alama za msumeno. Mwenyekiti alinunua jingine, akalifunga, hakumwambia mtu. Mhandisi alikuja kusikia kwa mdogo wake, aliyeyaona toka zahanati.

Amechora vituo vingine tangu hapo. Betri ya kile cha kwanza ilichakaa mapema kuliko alivyokadiria, maana mawingu yalizidi hesabu zake. Mpya ilipoletwa, madereva waliishusha wenyewe kwenye lori, wakaiingiza kibandani, kisha wakamgeukia Bi Akiba kumuuliza kwa nini mabenchi yao hayana pa kuegemea.