Shingo ya Dainosa wa Madam Reena

Kila asubuhi, kabla hajanywa chai, Mjomba Kipketer alikuwa anamnywesha mnyama wake kwanza. Alibeba mtungi wa maji, akaanza kwa mkia, akaenda mgongo, miguu, mpaka shingo, akirusha maji na kopo vile watu hunyunyizia sukuma wiki. Saruji mbichi ikikauka haraka inapasuka. Akifika shingoni alishika zile nguzo za mbao zilizoishikilia, moja moja, kuona kama zimekaza. Ndipo alikuja kukaa na mimi na mama, dada yake, ambaye hupikia mafundi hapo.

Mnyama mwenyewe ni dainosa, yule wa shingo ndefu anayekula majani, mkubwa kuliko lori. Madam Reena ndiye alimtaka, kwa bustani ya watoto anayofungua huku Kiamunyi, Nakuru. Alimwonyesha mjomba picha kwa simu: kivuli cha mnyama mzima, na ndani yake mifupa michache imepakwa rangi. Vipande vya shingo, mbavu kidogo, mguu mmoja.

"Na hiyo ingine yote?" mjomba aliuliza.

"Haijapatikana. Wataalamu wanakisia tu."

"Kichwa je?"

"Hata kichwa hakuna, fundi. Weka chochote cha kufanana."

Akaweka. Sitati, yule aliyetukodishia mbao, alikitazama akasema, "Boss, huyu si dainosa. Huyu ni ng'ombe wa kule kwenu Ndabibi, mmemkata tu pembe." Mjomba alicheka mpaka akakalia mfuko wa saruji.

Kichwa hakikumsumbua. Shida ilikuwa shingo. Mjomba amejenga simba na twiga kwa mageti mengi ya Nakuru, na twiga akisimama shingo inaenda juu, uzito unashuka kwa miguu. Lakini kwa ile picha shingo ilikuwa imelala mbele, ndefu, chini yake hewa tu, na hapo ndipo watoto watapita. Tena kulikuwa na ile aibu ya mtaa wa Section 58. Huko alijengea mtu twiga aliyeinama kunywa maji. Kwa sababu watu wa huku hugonga kazi wasikie kama imejaa, aliijaza shingo saruji yote. Walipotoa mbao ikaanguka. Hakuna aliyeumia, lakini mjomba alikaa sana bila kuitwa kazi.

Safari hii aliacha ndani wazi. Vyuma, wavu wa kuku, magunia yaliyochovywa kwa saruji nyepesi, basi. Madam Reena alipokuja akagonga, shingo ikalia kama debe.

"Arre, fundi! Umeniwekea hewa?"

"Hewa haianguki, Madam."

"Watu watasema nimeibiwa."

"Waseme. Bora waseme wakiwa wamesimama chini yake."

Maneno alikuwa nayo, lakini mbao hakutoa. Saruji ilishakomaa. Leo alisema kuna mawingu, kesho alisema upepo wa ziwa ni mkali. Mke wake, Anti Chelagat, alipiga simu kutoka Ndabibi kila jioni. Mjomba alikuwa amemwahidi kwamba siku huyu mnyama atasimama mwenyewe, atarudi nyumbani walime pamoja, mambo ya mjini yaishe. Shingo ikianguka, itabidi abaki ajenge upya, kama kuna mtu atamwamini. Tulimsikia akimwambia, "Bado kidogo, Mama Kigen. Bado kidogo."

Jumamosi Sitati akaja.

"Niaje, boss. Nimepata watu wanaomwaga slabu ya nyumba. Nataka mbao zangu leo."

"Kesho."

"Boss, hizi mbao zitaota mizizi."

Mjomba hakucheka. Alituambia sote tusimame mbali, hata Madam Reena aliyekuwa amekuja kuangalia kazi, akachukua nyundo ya Sitati akaingia chini ya shingo peke yake. Akagonga nguzo ya kwanza, ikatoka. Akafuata zingine. Ya mwisho, ile ya chini ya kichwa, ilikwama. Akaipiga tena, ikaruka. Shingo ikashuka kidogo, kama upana wa kidole, na vumbi likamwangukia usoni. Alifunga macho lakini hakukimbia.

Shingo ikakaa.

Sitati akapiga makofi. Madam Reena alikuwa ameziba mdomo kwa mkono, halafu akaanza kucheka huku machozi yanatoka. "Toka huko chini basi, fundi!" Mjomba akatoka, uso umelegea kama mtu aliyevua viatu vya kubana. Akajinyoosha. Sikuwa nimejua mjomba ni mrefu hivyo.

"Kesho kutwa nafungua," Madam Reena akamwambia. "Utakata utepe na mimi. Lazima."

"Sawa, Madam."

Aliosha mikono kwa mfereji, akamrudishia Sitati nyundo, akavaa koti. Mama akamwuliza anaenda wapi.

"Wacha nimwambie Chelagat," alisema, akatoka kwa geti bila haraka. Tulidhani anatafuta mahali simu inashika mtandao. Kumbe alikuwa anaenda Ndabibi kumwambia ana kwa ana, na mpaka leo hajarudi.