Jani la Sale Mkononi

Polisi wa Arusha waliniita nikapige picha ya maiti, kwa kuwa studio yangu ilikuwa jirani na kituo chao. Hawakuniambia maiti ni rafiki yangu. Nilimkuta kifudifudi kwenye mfereji wa kumwagilia kahawa, huko juu Meru, kisogo kimevimba. Mkuu wao, Mzungu, alikuwa ameshaamua: mlevi kateleza, kajigonga, kafa maji. Nilipiga picha huku machozi yananiharibia kazi.

Rafiki yangu hakuwa mlevi. Mbege, pombe yetu ya ndizi, alionja harusini, basi. Lakini wazee wa kanisa walikuwa wepesi kuamini, wakamwambia mama yake kwamba mlevi hapigiwi kengele akizikwa. Mama akashuka mjini kwa miguu hadi kwangu.

"Mwanangu, wewe ndiye uliyemtazama. Alikuwa amelewa?"

Niliingia chumba cha giza, nikachapa picha upya, kubwa kuliko ile ya polisi. Kwenye ngumi ya marehemu kulikuwa na jani. Polisi walisema alishika majani ya ukingoni akianguka. Sawa, ila majani ya ukingoni hayajifungi fundo. Lile lilikuwa sale, mmea tunaoupanda mipakani. Jani lake hufungwa fundo, ukampelekea mtu unayemwomba msamaha, na aliyelishika haguswi hata kama amekuchomea nyumba. Nilifurahi, sioni haya kusema. Mtu haendi kuomba msamaha akiwa amelewa.

Mama aliikumbatia ile picha. Msamaha ulikuwa wa nani, hatukuulizana. Marehemu alikuwa hasemezani na mtu mmoja tu, kaka yake, kwa ajili ya mpaka wa shamba. Tukapanda wote wawili, mimi nimekasirika: kama aliletewa sale, mbona kanyamaza mdogo wake akiitwa mlevi?

Tulimkuta anapalilia migomba. Nilimwamkia shikamoo, sikungoja marahaba, nikampa picha. Aliitazama muda mrefu, kidole kikaenda polepole mpaka kwenye ngumi. Kisha akakaa chini, kwenye udongo.

"Giza lilikuwa limeingia, mama," alisema, bila kunitazama mimi. "Nilimwona ameinama mpakani, anavunja sale. Nikadhani anang'oa mpaka, nikampiga kisogoni."

Siku ya kuzika kengele ilipigwa. Mama alitembea nyuma ya jeneza bila mwana wa kumshika mkono.