Mshipa Gani?

Watiri, muuza viazi wa Karatina, alimpeleka mumewe Mutahi hospitalini Nyeri apasuliwe mshipa, ile ngiri iliyomkataza kubeba magunia. Baada ya upasuaji daktari akamwambia Watiri mshipa umekatika.

"Si huo ndio mlikuwa mnatoa?"

Hapana, ulikuwa mwingine, mshipa wa damu wa mguuni, uliokatwa kwa bahati mbaya. Ungezibwa kutoka ndani kwa mrija mwembamba unaopitishwa mkononi, bila kumpasua tena, lakini wakati huo huduma hiyo ilipatikana Nairobi tu, na ambulensi ya kumpeleka haikuwepo.

"Kumbe kuna njia ya kutengeneza bila kisu," Watiri alifoka, "na nyinyi mkaanza na kisu!"

"Mama Wamae," Mutahi akamnong'oneza mkewe kutoka kitandani, "wacha kelele. Njoo unishike mguu."

Watiri alikuwa ameushika muda huo wote.