Kreti ya Matope Chini ya Kitanda

Makongeni ya mwaka 1982 ilikuwa na makuli wa reli, mafundi cherehani, wauza mboga za sukuma, walevi wa kila aina, na mtu mmoja aliyefanya kazi ya kuosha matope. Huyo ni Wekulo. Ukimuuliza anafanya kazi gani alikujibu bila haya, "Naosha matope," na watu walicheka mpaka wakashika ukuta. Jamani, matope nayo yanaoshwa? Ukishayaosha kinabaki nini?

Kumbe kinabaki kitu. Kila asubuhi Wekulo alitembea mpaka stoo moja huko Industrial Area, akavaa koti lake la kaki, akachukua tope lililochimbwa kwenye sakafu ya bahari na kuliosha juu ya chekeche. Udongo ulikwenda na maji. Zilibaki punje ndogo kama unga, na ukizitazama kwa hadubini, kila punje ilikuwa gamba la kijidudu kilichowahi kuelea baharini, kikafa, kikazama. Vingine vilipenda maji ya joto, vingine ya baridi. Wekulo alivitenga kimoja kimoja kwa ncha ya brashi iliyolowa, akavihesabu, akaandika kwenye daftari.

Bosi wake alikuwa Daktari Muindi, mtu wa Machakos, mwembamba, ambaye kucheka kwake ni kama hakukuumbwa. Hakuwa daktari wa watu, ingawa hilo halikuwazuia majirani wa Wekulo kumtumia habari za vifua na magoti yao. Siku ya kwanza alimweleza Wekulo kwamba kwa kuhesabu magamba hayo watajua bahari ilikuwa na joto au baridi miaka elfu mia moja iliyopita. Alitegemea Wekulo ashangae. Wekulo hakushangaa hata kidogo.

"Kwetu Bungoma ni vivyo hivyo," alisema. "Mtoto wa mvua ni Wafula au Nafula, wa kiangazi ni Simiyu, wa njaa ni Wanjala. Ukitaka kujua miaka ilikuwaje, ingia darasani uhesabu majina."

Daktari akamwambia aje tena kesho. Kesho hiyo ikawa miaka minane, na miaka yote minane Wekulo alikuwa kibarua. Hana barua, hana likizo, siku mashine ya maji ikiharibika hana kazi. Mke wake Nakhumicha alikuwa na mimba ya miezi saba, ya mtoto wa pili baada ya Nafula, na Wekulo hakutaka kitu kingine duniani ila kuandikwa kazi ya kudumu kabla mtoto huyo hajalia.

Mwezi wa nne mvua ikaja kwa fujo na paa la stoo likaanza kuvuja. Ijumaa jioni Daktari alimkabidhi kreti moja ya mbao. Ndani mlikuwa na vipande sitini vya tope kavu, jeupe kama chokaa, vimekatwa kutoka mchimbo mmoja, kila kimoja kimefungwa kwenye kigazeti chenye namba. Namba moja ndiyo ya juu, ya jana jana; sitini ndiyo ya chini kabisa. Kila kipande, miaka elfu mbili.

"Paa litatengenezwa kesho," alisema Daktari. "Kalale nayo. Bila mpangilio wake, haya ni matope tu. Nafasi ya kudumu imepatikana, ni moja. Jumatatu kreti ikirudi salama, nakupa barua."

Wekulo aliibeba kichwani mpaka nyumbani, akaisukuma chini ya kitanda, akakimbia kwenye mazoezi ya kwaya. Sasa hapa lazima niseme ukweli kuhusu huyu bwana. Mambo ya matope hakusahau hata nukta. Mambo ya nyumbani aliyasahau yote. Miezi miwili mke wake alikuwa akimwomba amletee yale mawe meupe ya kutafuna, yale wanayouziwa wajawazito pale Muthurwa, yamefungwa kwenye vigazeti. Kila jioni alirudi mikono mitupu akipiga paji la uso. Basi usiku huo akasahau pia kumwambia mke wake habari za kreti, na Jumamosi alfajiri akaondoka kwenda kuwasimamia mafundi wa paa.

Aliporudi saa tisa alasiri, Nakhumicha alimpokea mlangoni kwa tabasamu ambalo Wekulo hakuwa ameliona tangu harusi.

"Baba Nafula! Kumbe ulikuwa unanichezea tu! Kreti nzima?"

Wekulo akachungulia ndani. Juu ya kitanda chake waliketi wajawazito watatu wa mtaa wakitafuna kwa bidii. Katikati yao alikuwa Njoki, mke wa seremala wa nyumba ya pili, mwenye mimba ya tano na ulimi uliojulikana mpaka Mbotela; ukimpa jiwe alikutajia machimbo lilikotoka. Kreti ilikuwa wazi. Vigazeti vyenye namba vilikuwa vimetumika kuwashia jiko, na chai ilikuwa tayari.

Akakaa sakafuni. Akahesabu vilivyobaki. Hamsini na vitatu.

"Mmekula miaka elfu kumi na minne," alisema.

"Miaka gani?" aliuliza Njoki. "Na kwa nini inakuwa tamu hivi?"

Wekulo akaeleza yote, barua, paa, namba, magamba, akieleza huku analia waziwazi. Na kilichomuuma zaidi ni kwamba hakuweza kumkasirikia Nakhumicha. Angeanzia wapi? Mwanamke alikuwa amefurahi siku nzima akijua kwamba mume wake hatimaye amemkumbuka.

Uso ulimshuka Nakhumicha. Kisha akasema, "Lakini havifanani."

"Nini havifanani?"

"Hivi vipande. Vingine vinasaga meno, vina chengachenga. Vingine ni laini, vinayeyuka. Tulikuwa tunavichagua vile laini."

Wekulo akafuta machozi. Kwenye mkoba wake mlikuwa na daftari, na katika daftari, mbali na hesabu za magamba, Daktari alimlazimisha aandike kwa kila namba ni punje kiasi gani zilizobaki juu ya chekeche. Namba tatu: nyingi mno. Namba ishirini: kiasi. Magamba yakiwa mengi, tope linasaga. Udongo ukizidi, linakuwa laini. Chekeche linajua hivyo, na meno pia yanajua!

Jumapili hiyo kanisa la Friends lilimkosa Wekulo kwenye sauti ya nne ya kwaya. Vipande hamsini na vitatu vilipangwa juu ya blanketi, Wekulo akisoma daftari, Njoki na Nakhumicha wakikwangua kwa ukucha na kuonja, wale wengine wawili wakileta maji ya kusukutua. Ubishi ulikuwa wa kutisha.

"Hiki kinatangulia hicho."

"Wapi! Hiki kina chumvi ya nyuma, hujaisikia, Mama Nafula?"

"Chumvi ya nyuma ni ya mate yako."

"Haya, rudia. Polepole. Usimeze!"

Mume wa Njoki alikuja kuulizia chakula chake, akaona wanawake wakilamba matope huku mwanamume akiandika, akarudi kwake na njaa yake. Jioni mstari ulikuwa umekamilika, na kwenye mstari kulikuwa na pengo moja tu, kuanzia namba nane mpaka kumi na nne. Wekulo alisoma daftari: tope laini, punje chache, wapenda baridi wengi. Ulikuwa ule wakati wa baridi kali kuliko zote, barafu ilipofunika nusu ya nchi za watu huko kaskazini. Wajawazito wa Makongeni walikuwa wameuchagua wote na kuumaliza.

"Ndio maana ulikuwa mtamu," alisema Njoki, na hakuna aliyebisha.

Wekulo akafunga kila kipande upya kwenye gazeti, akaandika namba kwa mwandiko wake mzuri kabisa, na kwenye lile pengo akajaza karatasi tupu. Jumatatu alisimama mbele ya Daktari na kreti.

Daktari alifungua kipande cha kwanza. Hakutazama tope. Alitazama gazeti.

"Wekulo. Kipande hiki nilikifunga mwaka sabini na nane. Mbona gazeti lina mechi ya juzi?"

Ala! Miaka minane ya kujifunza kusoma tabaka, halafu akanaswa kwa tabaka la gazeti. Wekulo akasema yote. Daktari hakufoka. Alibeba kreti, akajifungia na hadubini siku tatu, na siku hizo tatu Wekulo aliosha chekeche lililokwisha kuwa safi.

Alhamisi akaitwa. Mezani palikuwa na barua imepigwa taipu, na mahali pa jina pakiwa patupu.

"Hamsini na kimoja viko mahali pake," alisema Daktari. "Viwili tu vimepishana. Mimi mwenyewe nisingeweza bila mashine. Aliyepanga ni nani?"

Wekulo alitazama barua. Neno moja tu, "mimi", na daftari lilikuwa lake, mwandiko wake, machozi yake. Nani wa kumbishia? Alifungua mdomo.

"Mke wangu," alisema. "Njoki alisaidia, lakini penye ubishi mke wangu ndiye aliyepatia."

Daktari akavuta taipu, akajaza pale patupu. Nafasi, kama alivyosema, ilikuwa moja.

Asikudanganye mtu kwamba haikumuuma. Ilimuuma mpaka akasimama njiani na kumtukana mlingoti wa simu. Kisha, badala ya kugeukia nyumbani, akaenda moja kwa moja mpaka Muthurwa, akanunua mawe meupe mfuko mzima, akarudi Makongeni akiwa amebeba mfuko mkono mmoja na barua mkono wa pili.

Nakhumicha alipokea vyote viwili. Alifungua mfuko kwanza, akauma jiwe, akalizungusha mdomoni, akakunja uso.

"Hili ni la juzi tu," alisema. "Halina kitu."

Lakini hakulitema. Akafungua barua, akaisoma, akairudia, akamtazama mume wake.

"Baba Nafula, wamekosea jina."

"Hawajakosea."

Akaketi pale kitandani, jiwe likiwa bado shavuni, barua juu ya tumbo. Baadaye sana akasogea kumpa Wekulo nafasi ya kukaa, akamega jiwe nusu, akamtilia mkononi.

"Tafuna," alisema. "Uniambie limetoka wapi. Lazima na wewe ujifunze, nafasi nyingine ikipatikana uwe tayari."